Matairi ya A/T kwa pikapu ya Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Pikapu yangu inatoka Arua kwenda Kampala na kurudi, na katikati ya safari hizo inaingia njia za ndani: Panyimur kuchukua samaki wakavu, Yumbe kuchukua ufuta, makazi ya wakimbizi ya Bidibidi kupeleka mabati na sabuni. Wiki nzuri ina kilomita elfu moja za lami na mia tatu za murram, yaani barabara ya udongo na changarawe. Ndiyo maana watu wananiuliza habari za matairi, wengine wakinipigia simu wakiwa dukani tayari, pesa mkononi, muuzaji anawatazama. Haya ndiyo maswali yanayorudi. Mimi nitakachorudia ni kimoja: kwetu tope linakukwamisha tu, lakini vinavyoua tairi ni mzigo, mawe na upepo uliokosewa. Anza na hivyo vitatu. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, utaziangalia baadaye.

A/T, M/T, H/T: herufi hizi maana yake nini?

H/T (Highway Terrain) ni tairi la barabara kuu. Mifereji yake ni membamba, kashata zimebanana, linakwenda kimya na linashika vizuri lami iliyolowa. M/T (Mud Terrain) ni la tope: kashata kubwa kama matofali, na nafasi pana kati yake ili tope lirushwe nje gurudumu linapozunguka. A/T (All Terrain), la njia zote, limekaa katikati. Lina nafasi ya kutosha kuuma udongo, lakini bado mpira mwingi unagusa lami, na juu ya kila kashata kuna vijistari vilivyochanjwa ambavyo hufunguka na kukamata barabara yenye maji. Siku hizi utaona pia R/T, ambalo ni A/T lililosogea upande wa M/T. Linapendeza macho, na wengi wanalinunua kwa sababu hiyo hiyo.

Naendesha lami zaidi. Nahitaji A/T kweli?

Hesabu kilomita zako za mwezi mmoja, halafu jiulize zile chache za vumbi ziko wapi. Mtu anayekwenda Masaka na Mbarara, na murram yake ni mita mia mbili za kufika nyumbani Wakiso, H/T yenye ubavu imara inamtosha, na atakuwa amepunguza kelele na mafuta. Lakini kama kilomita zako kumi za mwisho ziko Bududa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, au unapanda kwenda Ruhija kule Bwindi msimu wa mvua, hizo kumi ndizo zinazoamua, hata kama mia nne zilizotangulia zilikuwa za lami safi.

Angalia na kalenda ya mvua. Kusini mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Huku kaskazini ni msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba. Kama biashara yako haisimami mvua inaponyesha, A/T si anasa.

Mbona basi nisichukue M/T kabisa, nimalize mambo?

Kwa sababu utaishi nayo pia siku za lami. Kashata kubwa zina mpira mchache unaogusa barabara, kwa hiyo kwenye lami yenye maji breki inakwenda mbali zaidi. Zinavuma. Zinakula mafuta. Na ukizipakia mzigo kwenye lami yenye joto, kashata huanza kuliwa upande mmoja, zikawa kama meno ya msumeno, na kuanzia hapo kelele haipoi tena.

Halafu kuna udongo mweusi wa Karamoja. Ukilowa haujali umefunga nini. Unajaza nafasi za M/T ndani ya mizunguko michache, tairi likawa duara laini kama mandazi, na gari linateleza sawasawa na la jirani mwenye H/T. Pale dawa ni kungoja jua, au minyororo, au trekta. Nimekaa nusu siku chini ya mti njia ya Kotido nikiwa nyuma ya gari lenye M/T mpya kabisa. Dereva wake hakutaka kuzungumzia matairi.

Mwenye kufanya kazi ya mbao, ya minara ya simu milimani au ya mashamba yasiyo na njia, yeye achukue M/T na asijute.

Namba za ubavuni nazisomaje?

Chukua 265/65R17 112S, ambayo utaikuta kwenye pikapu nyingi za Toyota. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu una urefu wa asilimia 65 ya ule upana, yaani karibu milimita 172. R ni radial, namna nyuzi zilivyopangwa ndani. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni namba ya uzito, na maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, T ni 190. Kasi isikusumbue. Namba ya uzito ndiyo ya kuitazama, na ndiyo watu wanayoiruka.

Namba ya uzito naipangaje na mzigo wangu?

Peleka gari kwenye mzani siku lina mzigo wako wa kawaida, upime ekseli ya nyuma peke yake. Tuseme imesoma kilo 1,700. Kila tairi la nyuma linabeba 850, na tairi la 112 lina nafasi ya kutosha. Sasa pakia kama tunavyopakia kweli, gunia juu ya gunia mpaka springi zilale, mzani usome 2,400. Kila tairi limebeba 1,200, limeshapita uwezo wake wa 1,120 kabla hujagusa shimo lolote. Hapo hakuna kashata itakayokuokoa. Unahitaji tairi la namba 120 au 121, yaani kilo 1,400 au 1,450, na bado springi, breki na ekseli zenyewe hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Tairi gumu halibadilishi pikapu kuwa lori.

LT, C, plai 6, plai 10: nichukue ipi?

LT mbele ya saizi, au C mwishoni mwa saizi kama 225/70R15C, inamaanisha tairi limejengwa kwa gari la mizigo. Lisilo na alama hizo ni la gari la abiria, hata likiwa na sura ya kutisha. Kwenye LT utaona tena herufi ya nguvu: C ni sawa na plai 6 (plai ni tabaka la nyuzi), D ni plai 8, E ni plai 10. Siku hizi hakuna plai kumi ndani kwa kuhesabu, ni kipimo cha nguvu kilichobaki kutoka enzi za nyuzi za pamba.

Kwa murram yenye mawe, mimi nachagua LT, na nauliza ubavu una tabaka ngapi. Maneno yameandikwa pale pale kwenye mpira: tabaka za ubavuni na tabaka za chini ya kashata. Tatu ubavuni ni bora kuliko mbili pale jiwe lenye ncha linapokwaruza pembeni, na murram iliyomwagwa juzi, kabla greda na magari hayajaisaga, imejaa mawe ya namna hiyo.

Ila plai 10 kwenye gari linalotembea tupu ni mateso. Linaruka, mgongo unauma, na breki kwenye barabara iliyokunjika kama bati inakuwa ya kubahatisha kwa sababu gurudumu liko hewani nusu ya muda. Na hili wengi hawalijui: LT linahitaji upepo zaidi kuliko tairi la kawaida ili kubeba mzigo ule ule. Ukifunga LT ukaacha upepo wa zamani, umenunua nguvu usiyoitumia.

Nimeambiwa tairi ni jipya kwa sababu halijatumika. Inatosha?

Haitoshi. Hapa nina kisa.

Mwaka 2023 nilinunua mawili Kampala, duka silitaji. Yaling'aa, yana zile nywele ndogo za mpira, yamezungushiwa nailoni ya rangi. Miezi minne baadaye, njia ya ndani ya Bidibidi, jua la saa nane, nikasikia sauti kama mtu anayepoza chai kwa mdomo. Tukashuka. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka ubavuni, na ukiliinamia unaona nyufa ndogo ndogo zimelizunguka kote kama udongo wa kisima kilichokauka. Lile la kulia nyufa zilikuwa zimeanza. Taniboi wangu akachuchumaa, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, akasoma: DOT, herufi kadhaa, kisha 3116. Wiki ya 31 ya mwaka 2016. Nilikuwa nimenunua matairi ya miaka saba kwa bei ya mapya.

Kwa hiyo tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. 1024 ni wiki ya 10 ya 2024. Tarehe inaweza kuandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo lipindue kabla halijafungwa. Likishafungwa, upande wenye tarehe unaweza kuangukia ndani na usiuone tena bila kulala chini ya gari. Mwaka mmoja au miwili dukani kwenye kivuli si tatizo. Ikizidi mitatu mimi nashusha bei au naondoka. Tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka na fundi, na likifika kumi liondolewe hata kama kashata bado zimesimama. Lililoanikwa juani nje ya duka lisihesabiwe hivyo, linazeeka mapema.

Gari langu limetoka Japani na matairi yenye kashata nzuri. Niyaache?

Soma ubavuni kama pameandikwa STUDLESS. Hayo ni ya theluji ya kule kwao. Mpira wake umefanywa laini ili usigande kwenye baridi kali, na kwenye lami ya Uganda saa saba mchana unalika kama sabuni ya kipande, gari likiyumba ukikata kona. Kwa macho yanafanana na A/T, yana vijistari vingi. Watu wanafurahi wakidhani wamepata bahati. Yatumie kufika kwenye duka la matairi.

Ile alama ya mlima wenye theluji, na M+S, zina faida kwetu?

M+S ni tope na theluji, na mtengenezaji anaiandika mwenyewe kwa kuangalia kashata. Alama ya mlima inatolewa tairi likishapita jaribio la theluji. Usilipie hata moja.

Mitumba je?

Naelewa bei. Lakini tairi la mtumba limekataliwa na mtu mahali fulani, na sababu hukuambiwa. Ukilazimika, soma tarehe, ingiza mkono ndani utafute uvimbe na viraka, angalia ukingo unaokaa kwenye rimu kama umechanika wakati wa kutolewa. Na usilifunge mbele.

Kuna jamaa anachonga kashata upya kwa kisu cha moto. Anafanya bei ndogo.

Mkimbie. Matairi makubwa ya lori mengine yameandikwa REGROOVABLE, na hayo yana mpira wa ziada chini uliowekwa makusudi ili yachongwe. Tairi la pikapu halina. Kisu kinapita pale ambapo mpira umebaki milimita chache juu ya nyuzi za chuma, na anachokuuzia ni picha ya kashata. Maji na mchanga vinaingia, waya zinaoza, siku moja kashata yote inabanduka ukiwa kasi ya 90 karibu na Karuma. Anayeuza tairi kipara lililochongwa anajua anachofanya. Ukinunua gari, tazama chini ya mifereji: ikiwa na kingo za kukatwa zisizolingana, umeshajua.

Naweza kufunga saizi kubwa zaidi ili gari liinuke?

Kidogo, ndiyo. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, kipenyo kinatoka karibu milimita 776 hadi 803. Gari linainuka nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13, upana wa kidole. Kwa malipo hayo spidomita inaanza kukudanganya: ikisoma 100 wewe uko kwenye 103 na ushee. Gia zinakuwa ndefu, kupanda Kabale ukiwa na mzigo utaisikia injini ikilalamika, na breki zina kazi zaidi. Kabla ya kulipa, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, uone kama tairi linagusa bodi au madigadi.

Upana mkubwa nao si heri kila mara. Kwenye utelezi wa juu juu wenye ardhi ngumu chini, tairi jembamba linakata na kufika pagumu. Ndiyo siri ya zile Land Cruiser za mashirika zenye 7.50R16, nyembamba kama za bibi, zinazopita wenye matairi mapana wakiwa wanasukumwa. Pana lina faida kwenye mchanga.

Niweke upepo kiasi gani?

Hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa la kwanza.

Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo. Pana kibandiko chenye upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo, kwa matairi ya saizi ya kiwandani. Anzia hapo. Pima asubuhi kabla jua halijaligonga gari na kabla hujatembea, kwa geji yako mwenyewe. Geji ya kituo cha mafuta imeangushwa chini mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Kisha fanya jaribio hili. Weka upepo, tuseme psi 36 baridi. Endesha lami kwa saa moja, simama, pima tena likiwa na moto. Likisoma karibu 40, uko sawa. Limepanda hadi 44? Ulianza chini mno: ubavu unajikunja, unazalisha joto, na joto ndilo linalopasua. Limefika 37 tu? Ulianza juu mno. Kupanda psi 4 kwenye lami ndicho kipimo kizuri. Kwenye murram, 6. Na usitoe upepo kwenye tairi la moto kwa sababu umeona namba imepanda. Inatakiwa kupanda.

Kwenye murram gari likiwa jepesi, shusha kama robo. Tairi laini linalifumbata jiwe. Tairi gumu linagongana nalo. Madereva wengi kwetu wanafanya kinyume, wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma ukiligonga, wakisema hivyo halitoboki. Ndivyo wanavyokatwa. Kwa gari langu lenye LT, nyuma naweka 45 hadi 48 nikiwa na tani moja kwenye lami, na 28 nikirudi tupu kwenye vumbi. Hizo ni za gari langu, usizichukue kama maandiko.

Ukishusha upepo, shusha na mwendo, usizidi 80. Kwenye mchanga, kama ufukwe wa Ziwa Albert au mito mikavu ya Karamoja, shusha upepo hadi 18, mwendo wa 30 au 40, bila kukata kona kwa ghafla, maana ukingo unaweza kuchomoka kwenye rimu. Halafu lazima uwe na kompresa ya kurudishia. Nilishawahi kujaza matairi manne kwa pampu ya baiskeli niliyoazimwa na kijana wa bodaboda. Soda aliyokunywa kwa gharama yangu ilikuwa halali yake.

Naitrojeni ni bora kuliko upepo wa kawaida?

Hewa unayopumua ina naitrojeni asilimia 78 tayari. Pesa hiyo nunua geji.

Pancha ya ubavuni inazibika?

Hapana. Katikati ya kashata, msumari wa kawaida, kamba ya pancha itakufikisha na kiraka cha ndani kitadumu. Ubavu unajikunja kila mzunguko na hakuna kiraka kinachovumilia. Fundi atakuwekea kipande cha tairi la zamani ndani na tyubu juu yake, na utatembea. Tembea hadi mjini, polepole, ukalibadilishe.

Kuna ubaya kuweka tyubu kwenye tairi lisilo na tyubu?

Kwa dharura sawa. Kwa kudumu, tyubu inasuguana na ndani ya tairi, inapata joto, na ikitoboka upepo unatoka wote kwa mkupuo badala ya kuvuja taratibu. Matairi ya tyubu yenyewe, kama 7.50R16 ya Land Cruiser za zamani, hayo ni sawa, ndivyo yalivyozaliwa. Ila rimu zake nyingine zina pete ya kufungia inayotoka. Usisimame mbele yake inapojazwa upepo, na usimruhusu mtoto achungulie. Pete hiyo ikichomoka inaua.

Pesa inatosha mawili tu. Niyafunge wapi?

Nyuma. Najua unataka mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani, na fundi atakukubalia. Lakini nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji gari linageuka lenyewe, hali mbele ikiteleza bado unaweza kupunguza mwendo na kulirudisha. Na pikapu nyuma ndiko kwenye mzigo.

Mawili ya ekseli moja lazima yafanane: saizi, aina, na kulika kwake. Gari la 4x4 ya muda wote, kama Prado, yote manne yakaribiane kipenyo, la sivyo difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi mfululizo mpaka ichoke. Kwenye pikapu ya kawaida, fowili, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne, iache kwa ajili ya pale panapoteleza. Ukiiingiza kwenye lami kavu, unasaga matairi na gia pamoja.

Niambie chapa.

Nitazitaja ninazoziona zikidumu kwenye magari ya watu wa njia zangu: BFGoodrich All-Terrain, ambayo ilianza mwaka 1976 na sasa iko chini ya Michelin, Yokohama Geolandar A/T, Bridgestone Dueler A/T, Dunlop Grandtrek, General Grabber, Maxxis. Zina tabia tofauti. BFGoodrich ina ubavu mgumu na inastahimili mawe, lakini ni nzito. Grandtrek ni tulivu kwenye lami, na kwenye mawe makali inataka uiendee taratibu. Zipo na za Kichina nzuri, na zipo za Kichina ambazo hata muuzaji hajui zinatoka kiwanda gani. Jina lisikupumbaze: chapa moja inauza saizi moja kwa nguvu mbili, ya abiria na ya LT, zenye sura ile ile. Rudi kwenye namba ya uzito.

Ya bei rahisi yana hasara gani?

Piga hesabu kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, tairi la shilingi laki nane linakwenda kilomita 60,000, na la laki tano linakwenda 30,000. La kwanza linakugharimu shilingi 13,300 hivi kwa kila kilomita elfu, la pili 16,700. Hapo bado siku uliyolala njiani na samaki haijaingia kwenye hesabu. Lakini kama gari unaliuza mwakani, la laki tano ni lako, sikulaumu.

Nikishafunga, matunzo ni yapi?

Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea uiingize kwenye mzunguko. Spea inayoning'inia chini ya gari miaka sita inakula vumbi na joto la ekzosi, na siku ukiihitaji inakuwa mzee kuliko yote. Ya kwangu siku ile ya Bidibidi ilikuwa na upepo wa 15. Alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, ipimwe kila ukishagonga shimo la kukufanya useme neno baya. Chomoa mawe yaliyokwama kwenye mifereji kwa bisibisi jioni. A/T hupenda kuyabeba, na jiwe likizama siku nyingi hutoboa.

Canter na Elf za mizigo?

Mantiki ni ile ile, ila nyuma kuna mapacha, matairi mawili mawili kila upande. Yasipolingana urefu, moja linabeba mzigo wa yote mawili. Na jiwe lililobanwa katikati ya mapacha litolewe mara moja.

Nitajuaje limekwisha?

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo, ubavuni pameandikwa TWI kukuonyesha vilipo. Kashata zikilingana na vituta hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi hilo ni la kutupa. Kwa lami kavu unaweza kulisukuma hadi karibu na hapo. Kwa murram ya mvua A/T inaacha kuwa A/T mapema zaidi: mimi nabadilisha zikifika milimita 4. Sina kifaa cha kupimia. Nachomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa katikati, naweka alama kwa ukucha, naiweka kwenye rula ya mwanangu ya shule. Pima na pembeni zote mbili. Katikati kukilika zaidi, upepo wako ni mwingi. Pembeni zote mbili zikilika zaidi, ni mchache. Upande mmoja tu, nenda alaimenti kabla hujafunga mapya, la sivyo nayo yatalika vile vile.